Kijana Abishe Hodi Kama kwenye Filamu

Katika filamu za Kimarekani za vijana kuna dansi ya kumaliza shule, na dansi hiyo ina njia mbili tu. Njia ya kwanza, msichana asiyetazamwa na mtu anavua miwani, anateremka ngazi za nyumbani kwao ndani ya gauni refu, na kijana aliyesimama mlangoni na ua mkononi anasahau kufunga mdomo. Njia ya pili, milango ya ukumbi inafungwa kwa nje na watu wanaanza kufa. Nilizitazama zote, za mapenzi na za kutisha, tangu nilipoingia darasa la saba, na nasema bila kujisifu kwamba mtaa wetu wote wa Bredäng, Stockholm, hakuna msichana aliyezijua kunizidi. Filamu ikianza tu ningeweza kukuambia nani atavishwa taji la malkia wa dansi na nani atakutwa chooni amekatwa koo. Msichana mweusi sikuwa na haja ya kumpigia ramli. Katika za mapenzi alikuwa rafiki wa kushika mkoba, na katika za kutisha alitangulia mbele ya haki kabla muziki haujaanza.

Nilizitazama na baba. Alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja Södertälje, kazi ya kusimama kutwa, na Ijumaa alirudi kwa treni miguu imemvimba. Alijitupa kwenye kochi kando yangu na nguo zake za kazi, akasema, "Minapumuzisha miguu tu, mutoto." Miguu ilipumzika mpaka majina ya waigizaji yalipokwisha kupita. Mama alikuwa akituchungulia kutoka jikoni na kusonya: mzee mzima, baba wa watu, anawalilia wasichana wa Kizungu! Na kweli alilia. Katika filamu za mapenzi alilia kimyakimya, akajifuta kwa mkono wa shati akidhani simwoni. Za kutisha zilimchekesha. Alikuwa ametoka Bukavu kwa miguu wakati wa vita, na kila damu iliporuka ukutani alitikisa kichwa kama fundi anayeona kazi mbovu. "Damu haiko vile," alisema, kisha akaomba nimpe karanga.

Sehemu aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya mlango. Kijana anafika nyumbani kwa msichana, anabisha, baba wa msichana anafungua. Baba anamtazama kijana kuanzia viatu mpaka nywele, anakunja mikono kifuani, na kijana anajibu kila swali kwa "ndiyo, mzee." Baba yangu aliniomba nirudishe nyuma aione tena. "Ona!" aliniambia. "Ona mwenye mutoto anaheshimiwa. Kumbe bazungu nabo beko na adabu yao." Hilo lilimfariji sana. Tangu afike Sweden alikuwa ameona watoto wa watu wakiagana na wazazi wao kwa simu, wakikutana stesheni, wakiondoka bila mtu kujua nani kaondoka na nani. Sasa Ijumaa baada ya Ijumaa filamu zilimthibitishia kwamba nyuma ya mambo hayo yote kulikuwa na mlango, na mlangoni kulikuwa na baba.

Kwake yeye mzungu ni mzungu, awe wa Amerika au wa Stockholm. Nami, niliyezaliwa hapa, sikumsahihisha, kwa sababu nilidhani hivyo hivyo. Ningejuaje? Sikuwa nimewahi kuingia nyumba ya Mswidi yeyote zaidi ya pale mlangoni panapovuliwa viatu.

Shuleni kwetu dansi ya darasa la tisa ilikuwa imeigwa kutoka kwenye filamu hizohizo. Waswidi walichukua magauni, wakachukua zulia jekundu, wakachukua hata yale magari makubwa ya kizamani ya Kimarekani, ambayo wajomba wao huyafuta vumbi kila kiangazi. Mlango waliuacha Amerika. Huku unapanga na mwenzako kwa ujumbe, mnakutana mahali, wazazi wanasimama nje ya ukumbi na simu zao juu wakipiga picha, basi. Mimi hilo nilikuja kulijua baadaye, wakati kulijua hakukunisaidia kitu.

Aliyeniomba tuende pamoja alikuwa kijana mpole wa darasa letu, mwenye madoadoa usoni, aliyekaa upande wa pili wa stesheni ambako kuna nyumba za bustani na boti za starehe za wenye pesa. Aliniomba mbele ya kabati za vitabu, masikio yamemwiva, na nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Tulikuwa marafiki wa kuchekeshana wakati wa hesabu, hakuna zaidi. Lakini nilikuwa nimechaguliwa, na nilifika nyumbani nikielea.

Nilimwambia baba siku hiyohiyo, kochini. Hakukasirika. Alizima sauti ya televisheni, akakaa wima, akasema kwa furaha ambayo naiona mpaka leo: "Bon. Akuje. Abishe hodi, sawa mu filme."

Mama ndiye aliyeuliza kama mtu mmoja anatosha kumpokea mgeni. Kwetu swali hilo lina jibu moja. Kijana hawezi kuja kwa ajili ya binti halafu akutane na baba peke yake, kana kwamba baba huyo hana ndugu, kana kwamba aliokotwa. Basi akaambiwa baba mdogo, anayekaa Rissne, naye akamleta mkewe. Akaambiwa mzee wa kanisa, kwa sababu ingekuwa aibu asikie kwa wengine. Jirani yetu Mkenya tuliyeazima viti kwake alikataa kuviachia bila yeye mwenyewe. "Mimi siwezi kosa hii," alisema, akaja amevaa kitenge chake cha harusi. Jumapili mchana, baada ya ibada, sebule yetu ilikuwa imejaa watu wanaojipepea, na mezani kulikuwa na sambusa, maandazi, samaki wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo, na chupa za soda zilizopangwa kama askari.

Baba alikuwa amevaa suti. Alikuwa pia ametoa betri ya kengele ya mlango, ili kijana asibonyeze, abishe.

Kijana alifika, akabonyeza kengele, haikulia, naye akafanya anavyofanya kila kijana wa Stockholm: akanitumia ujumbe kwamba yuko nje. Baba alikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya kitasa, anasubiri kubishiwa. Tulisimama hivyo, mmoja huku na mwingine kule, mpaka nikamwandikia yule kijana, "Bisha mlango." Akabisha. Baba alivuta pumzi, akafungua, akakunja mikono kifuani, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Kisha hakuweza kuvumilia. Akatabasamu meno yote, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamvuta ndani.

Nilikuwa na furaha siku ile. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu baadaye niliulizwa na watu wengi jinsi nilivyojisikia na hakuna aliyeandika jibu hilo.

Alikalishwa kwenye kiti cha katikati. Baba mdogo, ambaye hupenda mambo yaende kwa utaratibu, alikohoa akaanza. "Sasa weye uko mutoto wa nani?" Nikatafsiri. "Wazazi wako beko wapi? Banajua uko huku?" Nikatafsiri. Kijana alijibu vizuri, ana mama, ana baba, ndiyo wanajua, sambusa ni tamu sana. Watu wakacheka, akaongezwa sambusa. Halafu baba yangu akanyanyua mkono kuomba kimya. Alikuwa ameliandaa swali lake kwa Kiswidi, alikuwa amelifanyia mazoezi bafuni nikimsikia, na lilikuwa swali la kila baba katika kila filamu tuliyowahi kuitazama pamoja.

"Una nia gani na binti yangu?"

Alinitazama mara moja baada ya kuliuliza. Alitaka nione jinsi alivyolisema. Nilikuwa najibana nisicheke, na yeye alikuwa anajibana pia, na katika chumba kile kizima sisi wawili tu ndio tuliojua kwamba tunaigiza. Kijana alisema nia yake ni kwenda dansi. Baba akasema, "Vizuri." Mzee wa kanisa akasimama, akatuwekea mikono kichwani mimi na kijana, akatuombea safari njema na usiku wenye heshima. Wote wakasema amina. Yule kijana akaondoka na sambusa za kumpelekea mama yake zimefungwa kwenye karatasi ya foili, na mlangoni alisema asante kwa kila mmoja.

Simlaumu. Nilijaribu kumlaumu, ningefarijika kidogo, lakini siwezi. Alifika kwao akamweleza mama yake ukweli mtupu: kwamba watu wazima walikaa duara, kwamba aliulizwa wazazi wake wako wapi, kwamba baba alimuuliza nia yake, kwamba mzee wa kanisa aliwawekea mikono kichwani. Uweke ukweli huo katika jiko la nyumba ya bustani, mbele ya mama aliyesoma magazeti ya hapa, uone unageuka nini. Sambusa zilikuwa bado na joto. Kesho yake asubuhi mama huyo alipiga simu shuleni.

Mshauri wa shule aliniita katikati ya somo la kemia. Chumba chake kilikuwa na taa ya manjano, mto wenye manyoya, na boksi la karatasi za kufutia machozi lililosogezwa upande wangu kabla sijakaa. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani anayeniamulia nimpende nani. Nilicheka. Aliandika kitu. Aliuliza kama nimewahi kusikia ndoa yangu ikizungumzwa. Nikamwambia ile haikuwa posa, baba alikuwa anaigiza filamu, sisi tunatazama filamu za dansi kila Ijumaa, baba anazipenda, kengele ya mlango aliitoa betri. Nilimweleza kwa haraka na kwa mikono. Aliinamisha kichwa upande mmoja kwa huruma. "Unampenda sana baba yako," alisema. Nikatambua kwamba kila ninachosema kinakuwa ushahidi wa jambo jingine.

Sheria inawalazimisha watu wa shule kupeleka taarifa ofisi ya ustawi wa jamii wakiwa na wasiwasi juu ya mtoto, na alinieleza hivyo kwa sauti nyororo. Taarifa ikapelekwa. Nyumbani hatukuhitaji kuelezwa. Kwetu neno "soshali" hutamkwa kwa sauti ya chini, hata na watu wasioogopa kitu kingine duniani, na kila mmoja anamjua mtu anayemjua mtu ambaye watoto wake walichukuliwa. Mama alifua mapazia. Alipika akamwaga, akapika tena. Baba alitoa picha ya harusi ya dada yake ukutani, ile ambayo bibi harusi anaonekana mdogo kwa sababu ni mfupi, akaificha chini ya kitanda.

Walikuja wanawake wawili wa soshali, wakavua viatu mlangoni, wakasifu mapazia. Walikuwa wema. Nimetazama filamu nyingi za kutisha na sikuwahi kukutana na ile ambayo kila mtu ni mwema, anakunywa chai yako, anakuuliza kwa upole, na wewe unahisi milango inafungwa kwa nje. Mkalimani alikuwa kwenye simu juu ya meza, mwanamume wa Kiswahili cha redioni, na baba, mbele ya Kiswahili kile, akawa kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alijibu kwa kifupi. Ndiyo. Hapana. Ndiyo.

Kisha mmoja wao akafungua karatasi zake, akasema: "Binti yako anasema kwamba uliiga jambo hili kutoka kwenye filamu za vijana. Kwamba mnazitazama pamoja. Ni kweli?"

Nilimgeukia baba kwa matumaini yote niliyokuwa nayo. Hapo ndipo tungepona. Angesema ndiyo, angewaambia kuhusu mlango, labda angewachekesha, maana alijua kuchekesha. Angeeleza kwamba swali lile alilitoa Amerika.

Baba alilitazama zulia. Alikuwa mwanamume wa makamo mbele ya wake za watu wenye kalamu, na mkewe, na sauti ya mwanamume mwenzake ikimsikiliza kutoka mezani. Alitakiwa akiri kwamba Ijumaa hukaa kochini na kuwalilia wasichana wenye magauni.

"Mimi sionake filamu," alisema.

Mkalimani akatafsiri. Yule mwanamke akaandika. Nilisema, "Baba, waambie," na baba akasema bila kunitazama, "Mutoto, nyamaza," na hilo nalo likaandikwa. Nilimkasirikia mpaka masikio yakaziba. Niliwakasirikia wao zaidi, na mpaka leo sijapoa. Wao walikuwa na orodha ya maswali juu ya kila aina ya baba isipokuwa yule aliyekuwa mbele yao.

Kabla ya kuondoka walisema jambo moja zuri, kwa maoni yao. Walisema kwamba kushiriki mambo ya vijana wenzake ni haki ya mtoto, kwamba wangefurahi kusikia nimekwenda dansi, na kwamba wangerudi baada ya dansi kuzungumza nasi tena. Baba alisikiliza kwa makini sana. Ijumaa ile alikwenda moja kwa moja chumbani kutoka treni. Nilikaa kochini, nikawasha filamu, nikaongeza sauti kusudi asikie. Hakutoka. Hakutoka Ijumaa nyingine yoyote, na baadaye, hata faili lilipofungwa kwa kuwa hawakukuta kitu, na hakuna aliyetuambia samahani, aliniambia miguu yake inapumzika vizuri zaidi kitandani.

Wiki ya dansi nilisema siendi. Yule kijana alikuwa ameniandikia kwamba mama yake anaona ni bora aende na kundi la rafiki zake, ili asiniletee matatizo. Asiniletee matatizo! Nilikuwa nimelala kitandani nimejifunika mpaka kichwani nilipomsikia baba mlangoni.

"Utaenda," alisema.

"Siendi."

"Utaenda. Utacheza. Utapiga picha."

Sikuwa nimewahi kuamriwa na baba yangu namna ile. Kati ya yote niliyoulizwa na wanawake wale, hilo ndilo jibu la kweli ambalo wangeweza kulipata: ndiyo, nilifanyiwa jambo moja kwa lazima, nililazimishwa kwenda dansi.

Gauni lilikuwa la kijani. Mama alinifunga zipu. Tuliishi ghorofa ya sita, na badala ya ngazi kulikuwa na lifti yenye harufu ya sigara, kwa hiyo hakuna aliyeniona nikiteremka. Baba hakunisindikiza. Aliogopa kusimama na wazazi wengine nje ya ukumbi, aliogopa kuonekana kama anayenichunga. Nilipanda treni peke yangu, nimeshika pindo la gauni lisiguse sakafu, na mama mmoja wa Kisomali aliyekaa mbele yangu aliniambia mashallah, nusura nilie.

Nje ya ukumbi jua lilikuwa bado kali. Magari marefu ya rangi ya waridi yalikuja moja moja, watu wakashangilia, wazazi wakapaza sauti za majina. Mimi nilipita kwenye zulia jekundu kwa haraka. Ndani nilikaa meza ya walimu wasaidizi, nikala kuku, nikacheza pale nilipovutwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, kwa ndoo ya kitu kumwagwa juu yangu, kwa lolote kati ya yale niliyoyajua kwenye filamu. Hakuna aliyenicheka. Yule kijana alinijia, tai imemkaa upande, amefurahi kweli kuniona. "Vizuri sana," alisema, "kwamba wamekuruhusu kuja!" Wasichana wa kundi lake wakanikumbatia mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyetoka hospitali. Nikawaambia asante. Kisha nikamwomba mmoja wao anipige picha, nyingi, na nikacheka katika kila moja.

Asubuhi yake baba alikuwa mezani amevaa miwani ya kusomea. Aliomba simu yangu. Alizipitia picha polepole kwa kidole chake kinene, akirudi nyuma, akikikaribia kioo. Nilikuwa nasubiri aniulize dansi ilikuwaje, muziki gani, nani alivaa nini, kuna aliyelia, nani alichaguliwa malkia. Aliuliza kama ipo moja ambayo niko peke yangu, bila kijana yeyote kando. Ilikuwepo. Aliikuza mpaka uso wangu ukajaa kioo chote, akautazama mdomo wangu, akayatazama macho.

"Hapa unacheka muzuri," alisema. "Njo hii tutabapatia bale bamama."